Kompresa isiyokula kidole: gitaa safi ni gitaa gani?

Bandugu wa chama, juma hili naacha mahindi na chokaa ya udongo, nasema juu ya kisanduku kidogo cha chuma chenye kukaa chini ya mguu wa mpiga gitaa. Jina lake kompresa. Mu Kamalondo, mu Katuba, mu Ruashi, kikundi cha vijana kikianza kupata falanga kidogo, baada ya ampli na nyuzi mpya, kisanduku hicho njo kinafuata. Na ukiwauliza ni cha nini, jibu ni moja: "Tunataka gitaa itoke safi."

Hilo neno "safi" njo nataka tulipime leo. Wengi wakisema safi wanataka kusema laini: kila noti kimo kimoja na mwenzake, sawa matofali ya ukuta. Mimi nasema usafi wa namna hiyo unafaa kazi moja tu, na mara nyingi kazi hiyo si yetu. Kwa mpiga gitaa wa hapa, hasa yule anayepiga peke yake mahali palipohitaji watu wawili, kompresa safi ni ile ambayo ukishaiwasha bado unasikia vidole viwili vikiwa viwili. Ikifuta tofauti ya kidole gumba na kidole cha shahada, ata kama sauti inang'aa sawa kioo, imekula muziki.

Mimi si fundi wa elektroniki. Nilitoka na lisansi ya agronomia na mkate wangu unatoka mu udongo. Lakini gitaa ya kusindikiza iko mu mikono yangu tangu sekondari, na pedali nyingi zimepita chini ya mguu wangu, zingine za kuazima, zingine za okazio. Kwa hiyo maandishi haya ni hukumu ya sikio, pamoja na hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu tunabaki ku maneno ya matangazo.

Kwanza, kazi yake

Ukitaka kuelewa kompresa, fikiri Mwadingusha. Mto Lufira hauna adabu: wakati wa mvua unafurika, kiangazi unapungua. Turbini haziwezi kuishi hivyo, zinataka maji ya kipimo kinachojulikana. Ndiyo sababu walijenga kizuizi, ziwa la Tshangalele likajaa nyuma yake, na maji yakaanza kutoka kwa mpango: yakiwa mengi yanazuiliwa, yakipungua yanatolewa yale yaliyowekwa.

Kompresa inafanya kitu kinachofanana na hicho ku sauti ya gitaa. Iko na kizingiti. Sauti ikiwa chini ya kizingiti, inapita bila kuguswa. Ikipanda juu yake, inakandamizwa kwa uwiano fulani. Tuseme uwiano ni 4 kwa 1. Umepiga uzi kwa nguvu, sauti ikapita kizingiti kwa desibeli 12. Inayotoka itapita kizingiti kwa desibeli 3 tu. Desibeli 9 zimekatwa. Kisha mwishoni kuna butoni ya kupandisha kila kitu, ili sauti irudi ku nguvu yake. Matokeo: noti kubwa imeshuka, noti ndogo imepanda, na mwisho wa noti, ule mkia unaokufa polepole, unasikika kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ni yote. Hakuna uchawi.

Lakini sisi watu wa kilimo tunajua upande wa pili wa kila kizuizi cha maji. Mama mwenye bustani mu bonde, chini ya mto, hapendi maji yawe sawa mwaka mzima. Anangoja mafuriko, kwa sababu mafuriko njo yanamletea tope lenye rutuba. Mhandisi wa turbini anaita mafuriko fujo, mama wa bustani anayaita mbolea, na wote wawili wako na haki. Kwa hiyo mtu akisema anataka kusawazisha, swali la kwanza ni: kwa faida ya nani?

Ku gitaa, mafuriko ni ule mpigo wa mwanzo, wakati kidole kinaachia uzi. Ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, sauti inaruka juu kisha inashuka. Mule mu mruko njo tunatambua mkono wa mtu. Ukiukata wote, ubaki na mkia peke yake, gitaa inaanza kufanana na ogani ndogo. Kuna wanaoita hiyo safi. Mimi naita bonde lililokosa tope.

Kwa nini jambo hili linatugusa sisi

Watu wa Lubumbashi hatupaswi kuwa wageni mu mazungumzo haya, kwa sababu gitaa ya vidole viwili iko na makao hapa. Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, alizaliwa 1930 mu Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi akipiga "Masanga". Rekodi hiyo ilimfikisha mbali: alikaa akipiga Nairobi, na mwaka 1969 alisimama ku tamasha la Newport kule Marekani. Alifariki 1990, mu ajali ya gari.

Sikilizeni ile rekodi ya 1952 kwa masikio ya mtu anayetaka kununua pedali. Ni gitaa kavu, bila umeme, mtu mmoja. Mkono wa kulia unafanya kazi kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea chini, sawa mtu anayetwanga. Cha shahada kinaimba juu. Kwa sikio la haraka utadhani ni watu wawili. Na siri haiko tu mu noti alizochagua, iko mu kimo cha kila noti. Sauti za chini hazina nguvu moja na za juu. Kuna noti iliyoguswa tu, ya kuvusha mguu, na kuna noti iliyopigwa ili isikike. Ukichukua muziki huo ukausawazisha mpaka kila noti iwe na kimo kimoja, wale watu wawili wanageuka kuwa mmoja, tena mmoja aliyechanganyikiwa.

Mtu ataniambia: yaya, hiyo ni gitaa kavu ya zamani, sisi tunapiga gitaa ya umeme, na sebene. Ni kweli. Lakini angalieni hali ya vikundi vyetu. Vingi viko na gitaa moja, mbili zikizidi. Mpiga solo hayuko siku ya mungu, yuko ku kazi Kolwezi. Anayebaki anashika sauti za chini, anashika akordi, anatupa na ka-solo kidogo wakati sebene inaanza. Huyo, akijua ao asijue, anafanya kazi ya Mwenda ku gitaa ya umeme. Na kompresa mbaya inamharibia yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Gumba linakula shahada

Hii sehemu naomba muisome polepole, juu ndiyo moyo wa maandishi haya.

Kompresa ya pedali haijui uzi wa juu wala uzi wa chini. Inasikia kitu kimoja tu: nguvu ya jumla inayotoka ku gitaa. Na sauti za chini njo ziko na nguvu zaidi. Gumba likipiga uzi mnene, kompresa inasema: "Sauti imepita kizingiti, tukandamize." Inakandamiza kila kitu, pamoja na ile noti ndogo ya juu ambayo kidole cha shahada kimetoka kuipiga sasa hivi. Wimbo unashushwa kwa kosa la besi.

Tena haiachii mara moja. Kila kompresa iko na muda wake wa kuachia. Tufanye hesabu. Mu mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Ukigawa pigo hilo mara nne, vile gitaa ya sebene inavyopenda, kila noti iko na milisekunde 125. Kompresa yenye kuchukua milisekunde 500 kuachia itabaki imekandamiza kwa urefu wa noti nne. Gumba limepiga mara moja, noti nne za shahada zimelipa. Kabla hazijapumua, gumba limerudi tena. Kwa hiyo sauti ya juu haipati nafasi ya kupanda ata siku moja, isipokuwa pale gumba linaponyamaza, na hapo inaruka ghafla sawa mtu aliyesukumwa mlangoni. Kule kupanda na kushuka njo bantu banaita "kupumua" kwa kompresa. Mu noti ndefu ya polepole haikusumbui sana. Mu sebene inaua.

Sasa mpiga gitaa anafanya nini? Anasikia wimbo wake hautoki, anapiga kwa nguvu zaidi. Kompresa inakandamiza zaidi. Anaongeza nguvu tena. Baada ya miezi sita mkono wake umejifunza kupiga kila kitu kwa nguvu moja, kwa sababu sikio lake limeona kwamba tofauti haileti faida. Hapo hasara haiko tena mu pedali, imeingia mu mkono. Zima pedali, na mkono unabaki bapa. Nimesikia vijana wenye vipaji wakifika hapo, na kuwarudisha ni kazi ndefu kuliko kutafuta pesa ya pedali nyingine.

Na sahani za Paris?

Kuna pingamizi la nguvu, na nataka nilipe heshima yake. Gitaa zile za Wakongo zilizorekodiwa Paris mu miaka ya 1980, Diblo Dibala na wenzake, si ziko laini, sawasawa, noti zikifuatana sawa shanga? Na si ni nzuri? Ni nzuri sana. Lakini tazameni zilivyojengwa. Mule mu studio kila gitaa iko na njia yake: solo peke yake, mi-solo peke yake, ya kusindikiza peke yake, na besi ni chombo kingine kabisa. Ile ya solo inapiga mstari mmoja, juu kabisa, haina gumba la kubeba. Ukiikandamiza, hakuna mtu wa kuliwa. Tofauti ya vimo ambayo mpiga mmoja anaifanya kwa vidole vyake, kule inafanywa ku meza ya kuchanganya sauti, kwa kugawa kazi kati ya gitaa tatu.

Turudi nyuma zaidi. Docteur Nico Kasanda, wakati African Fiesta inaundwa mwaka 1963, gitaa yake ilikuwa tayari mfano wa usafi kwa Afrika nzima. Pedali nyekundu ya MXR haikuwepo bado, ilikuja mu miaka ya 1970. Ule usafi ulitoka mu mkono, mu gitaa, mu mashine za studio, na mu ampli za taa za wakati ule. Ampli ya taa ikisukumwa inakandamiza yenyewe kidogo, taratibu, bila kuombwa. Hiyo inaeleza kiu yetu ya leo: sisi tunaingia mu ampli ya transista, ao moja kwa moja mu meza ya sauti, na pale kila noti inatoka kavu, ngumu, ikigonga. Kiu ni ya kweli. Mpiga gitaa anayetafuta kompresa hatafuti mapambo. Anatafuta kitu alichokuwa nacho babu yake bila kukijua.

Pedali zenyewe

Mu repetisio moja kijana aliniuliza: "Yaya, nikamate ile nyekundu ao ile ya bulu?" Ni swali la wengi, basi tuanze hapo.

Nyekundu ni MXR Dyna Comp. Butoni mbili tu: moja ya kimo cha sauti, nyingine ya kuamua ikandamize kiasi gani. Ni pedali yenye tabia. Inabana sana, inapunguza ule ung'avu wa juu, na mpigo wa mwanzo inaupa mlio wake yenyewe, "tok!", ambao wapiga gitaa wa kantri kule Marekani wanaupenda mpaka leo. Haina butoni ya kuambia mpigo wa mwanzo upite, haina njia ya kuchanganya sauti yako ya asili. Kwa mpiga solo wa mstari mmoja, ukiweka ukandamizaji chini ya nusu, ni rafiki. Kwa anayepiga gumba na shahada pamoja, ni kizuizi kisicho na mlango. Sisemi ni mbaya. Nasema haikutengenezwa kuwa safi, na anayeinunua kwa ajili ya usafi ameenda ku mlango usiofaa.

Ya bulu ni Boss CS-3, iliyo sokoni tangu 1986. Butoni nne: kimo, rangi ya sauti, mpigo wa mwanzo, na urefu wa mkia. Ile ya mpigo wa mwanzo njo inaifanya iwe na faida kwetu: ukiizungusha kulia, ule mruko wa kidole unapewa nafasi ya kupita kabla ya kukandamizwa. Mkia nao uuweke chini, robo ya njia ao zaidi kidogo. Wengi wanaipandisha mwisho kwa sababu wanaona wamelipia mkia, basi wautumie wote. Hapo inaanza kuvuma. Ikitumiwa kwa kiasi, iko karibu na usafi ninaousema, na kwa kuwa iko sokoni kwa miaka mingi, kupata ya okazio si kazi ngumu.

Kundi la tatu njo langu: pedali zenye butoni ya kuchanganya. Keeley Compressor Plus iko nayo, Wampler Ego iko nayo, Xotic SP iko nayo mu kisanduku kidogo sana. Kazi ya butoni hiyo ni rahisi kueleza: sauti yako inagawanyika njia mbili, moja inaenda kukandamizwa, nyingine inapita bila kuguswa, kisha zinakutana mwishoni na wewe unaamua kila moja iwe kiasi gani. Ndiyo sawa kujenga kizuizi lakini kuacha mfereji pembeni kwa ajili ya mama wa bustani. Njia isiyoguswa inabeba mruko wa vidole, njia iliyokandamizwa inabeba mkia na uzito. Ukiweka nusu kwa nusu, gumba linabaki gumba, shahada inabaki shahada, na bado gitaa inajaza nyumba.

Juu ya hapo kuna za bei kubwa. Cali76 ya Origin Effects, ya Uingereza, inafuata mfano wa mashine ya studio, 1176, iliyotoka 1967 mu mikono ya Bill Putnam. Ni kazi nzuri, haraka na wazi. Boss CP-1X ni ya dijitali: inagawa sauti za chini na za juu, na kuzishughulikia mbalimbali. Hiyo inajibu moja kwa moja lile tatizo la gumba kula shahada, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi njo ingeshinda. Tena iko na mstari wa taa unaoonyesha inakandamiza kiasi gani, kitu cha faida sana kwa anayejifunza. Kwa sikio langu inanyoosha vizuri, lakini inaacha adabu nyingi kuliko ninavyotaka. Mwingine anaweza kuipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo hukumu yangu iko hivi. Mpiga solo wa mstari mmoja: nyekundu inatosha, kwa kiasi. Mpiga gitaa peke yake, wa vidole: yenye butoni ya kuchanganya, na kama pesa haifiki, ya bulu ya okazio, mpigo wa mwanzo kulia, mkia chini. Anayepiga kwa ampli ya taa nzuri: asinunue kitu, anunue nyuzi.

Umeme na mvumo

Jambo la mwisho halisemwi mu matangazo, lakini hapa kwetu lina uzito. Mnakumbuka zile desibeli 9 zilizokatwa mu mfano wangu. Ili kuzirudisha, pedali inapandisha kila kitu kwa desibeli 9. Ukipiga, husikii kasoro. Ukinyamaza, mvumo wote wa gitaa yako, wa waya yako, wa umeme wa nyumba, umepandishwa kwa desibeli 9 hizo hizo. Kompresa haitengenezi uchafu mwingi yenyewe, inaubeba ule uliopo na kuuweka mbele ya kipaza sauti. Gitaa yenye mikrofoni za koili moja, jirani na transfo na taa za neoni, itavuma volti 220 zote za mtaa.

Kwa hiyo kabla ya kusema pedali ni chafu, ijaribu kwa pile ya volti 9. Kompresa nyingi za kawaida hazili umeme mwingi, pile moja inaenda siku nyingi. Mvumo ukiondoka, pedali haina kosa. Kosa liko ku adapta. Usitumie adapta yoyote ya volti 9 iliyo karibu: angalia ncha, kwa sababu pedali nyingi za aina hii zinataka hasi katikati, na zile za redio ndogo ao vitu vingine zinaweza kuwa kinyume. Jenereta ikianza na volti zinacheza, pile itakuokoa. Na kompresa iweke ya kwanza baada ya gitaa, mbele ya pedali zingine, la sivyo itapandisha na mvumo wa zile zingine zote.

Namna ya kujaribu kabla ya kutoa pesa

Muuzaji atapiga akordi moja kubwa, aiache ilie mpaka mwisho, akuangalie usoni. Kila kompresa ni nzuri kwa akordi moja. Mwambie akupe gitaa, kisha fanya mambo matatu.

La kwanza: piga gumba peke yake kwa mwendo wa kawaida, kisha ongeza shahada juu bila kubadili gumba. Sauti ya juu ikitoka na nafasi yake, endelea. Ikizama kila gumba linapogusa, punguza ukandamizaji. Ikizama bado, rudisha pedali ku meza.

La pili: piga wimbo uleule mara mbili, mara ya kwanza polepole sawa unabembeleza mtoto, mara ya pili kwa nguvu. Mtu aliyekupa mgongo aweze kusema ni ipi ya kwanza na ni ipi ya pili. Asipoweza, pedali hiyo inamsemea mpiga gitaa maneno ambayo hakuyasema.

La tatu: linganisha ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kimo cha sauti kikiwa sawa kabisa. Hili njo la muhimu kuliko yote, maana sikio la binadamu linapenda kilicho juu zaidi, na muuzaji anajua. Akiweka pedali ipige kwa nguvu kidogo kuliko gitaa yenyewe, utasema ni safi, ni nzuri, utatoa pesa, na kumbe umenunua kimo tu. Kimo ulikuwa nacho tayari ku ampli, bure.

Pedali ya namna hii, ikivuka Kasumbalesa ao ikitoka Dubai, inafika hapa na bei ya miezi mingi ya kijana anayejitafutia. Pesa hiyo ingenunua mbegu, ingelipa masomo ya mdogo wake. Ndiyo sababu siwezi kuona swali hili kuwa dogo. Akinunua vizuri, atakuwa na chombo cha kumsaidia mkono wake usikike mpaka ku benchi ya mwisho. Akinunua vibaya, amelipa ili mkono wake ufanane na wa kila mtu. Kabla ya kwenda dukani, asikilize tena ile rekodi ya Likasi, aweke kidole gumba na cha shahada ku nyuzi, aulize ni tofauti gani anataka ibaki. Akijua hiyo, muuzaji hatamshinda.

Tuko pamoja.